Kupiga kambi na watoto kando ya hifadhi ya msitu: anza na usiku wa kwanza

Mara ya kwanza tulipopiga kambi kando ya hifadhi ya msitu, saa 8 usiku ilinikuta nimesimama katikati ya hema nikiinua paa kwa mikono miwili. Maji ya mvua yalikuwa yametuama juu yake mpaka likafanya kitambi. Mtoto mdogo analia, mkubwa amenyamaza na soksi zake zimelowa chapachapa, mume wangu anapapasa gizani akitafuta tochi niliyoipakia mwenyewe chini kabisa ya begi. Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika, ukungu umejilaza katikati ya miti, ndege wanaitikiana kila upande. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kutazama. Tulifunga virago siku moja kabla ya ratiba.

Tangu hapo safari naipanga kinyumenyume. Naanza na saa 8 ya usiku wa kwanza, najiuliza kila mmoja wetu atakuwa katika hali gani, ndipo narudi kwenye mizigo, chakula na matembezi. Familia iliyolala vizuri haihitaji ratiba ya burudani. Iliyokesha, hata umpe mtoto darubini nzuri kiasi gani, atauliza tu tunarudi lini.

Ninayoeleza hapa ni kambi ya usiku mbili au tatu, watoto wameshaanza kutembea vizuri, na gari linafika karibu na hema. Ukibeba kila kitu mgongoni, hesabu ni nyingine.

1. Uliza kabla ya kulipia

Kando ya hifadhi si ndani ya hifadhi. Hifadhi nyingi haziruhusu mtu kulala ndani, kwa hiyo uwanja wa kambi huwa nje ya mpaka, chini ya mwenyewe mwingine. Maana yake ni kwamba utakuwa na sheria za aina mbili. Moto, mbwa na muziki vinaweza kuruhusiwa pale penye hema lako, na hatua kumi mbele, ng'ambo ya uzio au kibao, vikawa ni kosa. Kwa hiyo waulize wenye kambi, kisha waulize na wenye hifadhi: Lango linafunguliwa saa ngapi? Moto unaruhusiwa msimu huu? Maji ya bombani yapo, na yananyweka? Choo kiko umbali gani? Kuna njia fupi ya mzunguko ambayo mtoto anaweza kuimaliza kwa miguu yake mwenyewe?

Swali la lango lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa hifadhi inafunguliwa saa 3 asubuhi, alfajiri utaitumia nje ya mpaka, na hapo ni vizuri kujua mapema kama kuna njia ya umma inayopita pembezoni mwa msitu.

Uliza pia mtandao wa simu unashika wapi. Namba 112 inatambuliwa na simu za mkononi katika nchi nyingi kuwa ni ya dharura, lakini pasipo na mnara hata mmoja karibu haitasaidia. Iandike kwenye karatasi namba ya mlinzi wa kambi na jina la zahanati au hospitali iliyo karibu. Narudia, kwenye karatasi, maana simu huisha chaji.

2. Laleni uani kwanza

Hatua hii watu huiruka, nami niliiruka, na ndiyo iliyonigharimu usiku ule. Wiki moja kabla ya safari, simamisha hema nyumbani, au mahali popote penye nafasi. Lifunge kila mahali, ingia ndani, na mtu aliye nje amwagie maji kwa mpira au ndoo kwa dakika kumi. Utaona mshono unaovuja, utaona zipu inayokwama, utagundua kwamba vigingi viwili havipo. Mshono unaovuja hupakwa gundi maalumu ya mishono na kuachwa ukauke, kazi ya jioni moja.

Kuhusu ukubwa, usiamini lebo. Hema lililoandikwa la watu 4 linamaanisha watu 4 waliopangwa kama vijiti vya kiberiti, bila begi wala viatu. Familia ya watu 4 itafute la watu 6.

Kisha matandiko. Wengi hujali blanketi la kufunika na kusahau la kutandika, ilhali ardhi ndiyo inayokunyonya joto usiku kucha. Sponji au blanketi lililo chini yako hubanwa na uzito wa mwili, na kadiri linavyobanwa ndivyo linavyopoteza uwezo wa kuzuia baridi. Godoro la kujaza upepo ni laini, lakini hewa iliyomo ndani huzunguka na kuupeleka joto lako ardhini. Usipoweka kitu juu yake utaamka unatetemeka hata kama hali ya hewa si ya baridi kali. Ninachofanya mimi ni kutandaza sponji nyembamba ya kukunja chini, kisha blanketi zito, kisha mtoto, kisha mfuko wake wa kulalia. Kila mtu ana nguo za kulalia ambazo hazivaliwi mchana hata kidogo. Nguo uliyoshinda nayo ina jasho, na jasho likipoa usiku hakuna blanketi litakalokupa joto.

Watoto nao wajaribu. Usiku mmoja uani utakuonyesha nani anaogopa giza, nani anageuka kama feni, na nani hawezi kulala bila mto wake.

3. Fungasha kwa mpangilio wa kutoa

Hema liwe la mwisho kuingia garini ili liwe la kwanza kutoka. Baada ya hema, sanduku moja dogo ninaloliita sanduku la usiku. Ndani yake mna tochi ya kichwani ya kila mtu na betri za akiba, karatasi za choo, soksi kavu, dawa za huduma ya kwanza, kibano kidogo chenye ncha, filimbi za watoto na chupa ya maji. Sanduku hili halichanganywi na kitu kingine na hukaa sehemu moja, kushoto kwa mlango wa hema. Hata ukiamshwa na kelele, mkono wako unajua pa kwenda.

Vitu vingine unavijua mwenyewe. Nitaongeza viwili tu: nyundo ya vigingi, kwa sababu jiwe ni la kutafuta wakati huna muda, na mita kumi za kamba nyembamba, kwa sababu zisizohesabika.

4. Fika mapema, tazama juu kabla ya kutazama chini

Fikeni angalau saa tatu kabla ya jua kuzama. Saa moja ya kutafuta kiwanja na kusimamisha hema, saa moja ya chakula, na saa moja ya watoto kuzoea mahali wakati bado wanaona. Kisiki ambacho mtoto amekikalia mchana hakitamgeukia mnyama usiku.

Kiwanja huchaguliwa kwa kutazama juu kwanza. Tafuta tawi kavu, tawi lililovunjika na kunasa katikati ya mengine, au mti mzima uliokufa. Tawi la namna hiyo halingoji dhoruba. Huweza kudondoka hata usiku usio na upepo. Ukiliona, sogea mbali kupita urefu wa mti wenyewe. Hata mti mzima wenye afya una usumbufu wake: mvua ikikatika angani, majani yake huendelea kudondosha matone kwa muda mrefu, tena juu ya paa lako.

Halafu tazama chini. Epuka bonde dogo hata kama lina nyasi laini za kuvutia. Nyasi ni laini kwa sababu maji hukusanyika hapo, na hewa baridi nayo ni nzito, hutelemka usiku na kutulia kwenye mabonde. Tafuta mwinuko mdogo wenye mteremko usioonekana kwa jicho; lala chini uone damu inaelekea wapi, kisha mpange vichwa upande wa juu. Kagua vichuguu, mashimo na njia za sisimizi. Kaa angalau mita 60 kutoka kwenye mto au bwawa, ambazo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Wanyama hushuka kunywa maji jioni na alfajiri, na hawatapita kama umewafungia njia.

Mwisho tazama mashariki. Hema linalopigwa na jua la asubuhi hukauka umande mapema, na watoto huamka kwenye joto.

5. Hema

Kama una turubai la kutandika chini, lisitokeze nje ya sakafu ya hema hata kidogo. Likitokeza, linakinga maji ya mvua na kuyaingiza chini yenu, na mtaamka mnaelea. Kunja kingo zake kwa ndani.

Kigingi hupigwa kwa mshazari, kichwa chake kikilala upande wa nje, mbali na hema. Kikisimama wima, kamba ikivuta kinang'oka. Kamba zote zifungwe, hata anga likiwa jeupe pe. Mimi nilisimamia paa kwa mikono usiku ule kwa sababu jioni nilitazama anga, nikaona nyota, nikasema kamba za pembeni ni mbwembwe. Paa lililokazwa halitengenezi kitambi. Maji yanateleza na kwenda zake. Kagua kamba tena kabla ya kulala, kwa kuwa vitambaa vingi hulegea vikipata unyevu.

Acha matundu ya hewa wazi hata kama kuna baridi. Pumzi za watu wanne usiku kucha zina maji mengi, na yasipopata pa kutokea yataganda kama jasho kwenye ukuta wa hema na kuwadondokea. Wengi wanaolalamika kwamba hema lao linavuja wanalowa kwa pumzi zao wenyewe. Zipu ya wavu wa mbu ndiyo ifungwe, tena ifungwe daima, na kila mtoto afundishwe kuingia, kugeuka, kufunga.

Funga kitambaa cheupe kwenye kila kamba. Usiku kamba haionekani, na vidole vya miguu ni vichache.

6. Jiko, maji na choo

Mpishi akae upande ambao upepo unaelekea, mbali na hema. Kwa chakula cha usiku wa kwanza, peleka kilichokwisha pikwa nyumbani, ukipashe moto tu. Ufundi wa kupika porini uonyeshe siku ya pili.

Jiko la gesi linatosha. Moto wa kuni una raha yake, sikatai, lakini uwashe mahali palipotengwa na pale tu unaporuhusiwa. Kuni usizitafute ndani ya hifadhi. Gogo linalooza linaonekana kama takataka, kumbe ni nyumba: uyoga, mbawakavu, mijusi na ndege watobao miti wote wanalitegemea. Wala usibebe kuni kutoka mbali, maana ndani ya magamba yake husafiri mayai ya wadudu ambao msitu huo haujawahi kuwajua.

Kuzima moto kuna utaratibu. Mwaga maji, koroga majivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha peleka mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto, bado. Makaa yaliyofukiwa kwa udongo yanaweza kukaa hai kwa saa nyingi, na mtoto anayekimbia pekupeku asubuhi hatajua.

Maji, kadiria lita 4 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawia kidogo; kukiwa na joto, zaidi. Watu wanne kwa siku mbili ni lita 32. Maji ya mtoni yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika 1 nzima, na kama mko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100. Kuchemsha huua vimelea, hakuondoi kemikali.

Kama hakuna choo, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, fukia baada ya matumizi, na karatasi zirudi nazo kwenye mfuko uliofungwa.

Chakula chote, hata pipi iliyosahaulika mfukoni, kilale garini au kwenye chombo kinachofungwa kwa nguvu. Dawa ya meno pia. Mnyama mdogo hatafuti zipu, atatoboa kitambaa. Na usimlishe hata yule anayekuja karibu kwa heshima. Aliyezoea mkono wa binadamu ataurudia kwa familia itakayofuata, na mkono huo ukikosa kitu ndipo meno yanapotoka.

7. Mpe mtoto mpaka

Kabla hajakimbia popote, mzungushe mtoto mpaka kwa miguu. Kutoka mti huu hadi jiwe lile hadi gari. Mwambie kwa maneno yake arudie. Mpaka wa kuambiwa tu husahaulika ndani ya dakika tano.

Mvalishe filimbi shingoni na mfundishe kupuliza mara tatu akipotea, atulie, apulize tena. Jambo la pili ni gumu zaidi: akipotea asitembee. Akumbatie mti ulio karibu na akae hapo mpaka tumfikie. Mtoto anayetembea hutanua duara la kutafutwa kila dakika. Mwanangu mdogo aliuliza, "Mama, na mti wenyewe ukiwa na wadudu?" Tukakubaliana kwamba anaweza kukaa chini kando yake.

Kila asubuhi mpige picha mtoto akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na nyingine ya soli za viatu vyake. Ni sekunde kumi. Watafutaji wakihitajika, utawaonyesha rangi ya shati na alama ya unyayo badala ya kubabaika.

8. Usiku wenyewe

Saa moja kabla ya kulala, badilisheni nguo, kila mtu aende haja, meno yapigwe mswaki, na viatu viingizwe ndani. Viatu vilivyolala nje vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Kisha zima taa zote, mkae nje kwa dakika 20 hadi 30. Ndio muda ambao macho huchukua kuzoea giza vizuri. Ukiwasha tochi nyeupe mara moja, unaanza upya. Taa nyekundu haiharibu sana, basi tochi yenye rangi hiyo itumie, au funika ya kawaida kwa kitambaa chekundu. Watoto walioliona giza likifunguka taratibu, nyota zikiongezeka, hulichukulia kama mahali. Walioingizwa hemani kwa haraka hulichukulia kama kitu kilichopo nje kinachongoja.

Sauti zitakuja. Usiku msitu una kelele, na hema halina ukuta. Panya akipita kwenye majani makavu ana mshindo wa mtu mzima. Tulipoamshwa na mkubwa akinong'ona kwamba nje kuna mtu anakokota mguu, nilimulika kupitia wavu: chura mmoja, mkubwa kiasi cha kisanduku cha kiberiti, akiruka na kupumzika, akiruka na kupumzika. Tangu siku hiyo tuna mchezo wa kubahatisha sauti kabla ya kumulika.

Sasa onyo lisilo na mzaha. Jiko, liwe la mkaa au la gesi, lisiingie hemani hata likiwa limebaki makaa tu, hata kukiwa na baridi ya kukata. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Kwa baridi, jaza maji moto kwenye chupa isiyovuja, ifunge kwenye soksi, iweke miguuni.

Radi ikianza, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo na ugawanye kwa 3. Jibu ni umbali kwa kilomita. Ikiwa sekunde hazifiki 30, beba watoto muingie kwenye gari lenye paa la chuma na mfunge vioo. Hema halikingi radi. Kaeni humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

9. Alfajiri

Kama mmelala, hiki ndicho mlichokifuata. Amkeni nusu saa kabla ya jua. Wakati huo ndege huimba kuliko saa yoyote nyingine ya siku, na wanyama waliotembea usiku bado hawajarudi maficho. Usipange kutembea mbali. Chagueni sehemu moja pembezoni mwa msitu, kaeni chini kwa robo saa bila kusema. Dakika tano za kwanza hakuna kitu, mtoto atajikunakuna na kuhema. Baada ya hapo msitu unawasahau, na vitu vinaanza kutokea.

Vaeni suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, ya rangi nyepesi ili kupe aonekane. Mafuta ya jua yapakwe kwanza, dawa ya wadudu baadaye, na usimpake mtoto viganjani kwa kuwa viganja huishia mdomoni na machoni. Mkirudi, kagua kila mtu: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye mstari wa nguo ya ndani, na ndani ya nywele. Ukikuta kupe, mbane kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute moja kwa moja kwa nguvu isiyobadilika, bila kumzungusha. Usimchome kwa moto wala kumpaka mafuta. Unampa muda zaidi wa kubaki amenata. Osha mahali hapo kwa sabuni, andika tarehe, na ikija homa au doa linalotanuka katika wiki chache zinazofuata, mwambie daktari kuhusu kupe.

10. Kuvunja kambi

Subiri hema likauke. Ikiwa mvua imekataa, lifunge lilivyo, lakini lianikwe nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu ukungu huanza upesi na harufu yake haitoki.

Kazi ya kuhesabu vigingi ni ya mwanangu mdogo. Alihesabu 14 vikiingia, na haruhusu gari kuondoka kabla ya kuhesabu 14 vikitoka. Safari iliyopita alipata 13, na sote watano, pamoja na mlinzi wa kambi, tulipiga magoti kwenye nyasi mpaka tulipokiona.